Neno Lililomshinda Dokta Edson

Dokta Edson ni mtaalamu wa kila kitu isipokuwa neno moja. Atakutajia dawa ambazo hata aliyezitengeneza anazitamka kwa shida. Atakueleza figo inavyochuja mpaka ujishike kiuno. Lakini mwambie atamke kwamba mtu anakufa, utamhurumia. Macho yanakimbilia dirishani, kalamu inachokonoa sikio, kisha anatoa wimbo wake: "Tunampambania." Nimefanya naye kazi ICU tangu ahamie hapa Shinyanga na sijawahi kumsikia amepoteza mgonjwa. Wagonjwa wake wanapambaniwa tu, mpaka wanapotolewa kwa mlango wa nyuma wakiwa wamefunikwa shuka.

Wala simwonei. Sisi manesi ndio tunaobaki na hao watu. Daktari anapita asubuhi na msafara wake, anafunua faili, anasema ongezeni hiki, punguzeni kile, huyoo kaondoka. Anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda ni nesi. Anayemsafisha kinywa ni nesi. Anayegundua kwamba mtu huyu ameshaanza safari, kwa sababu miguu imepoa na ngozi imebadilika, ni nesi. Na anayedakwa koridoni na mama wa mtu, "Mwanangu anaendeleaje?", naye ni nesi, tena nesi asiyeruhusiwa kujibu! Majibu hutoa daktari. Na daktari anapambana.

Safari hii aliyekuwa anapambaniwa aliitwa Maduhu, kijana wa Samuye aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Duara ni shimo la kwenda chini kama kisima, ila humo watu hawatafuti maji. Lilimporomokea. Wenzake walimfukua kwa majembe na mikono, wakamtoa moyo ukiwa unadunda, lakini alikuwa amekaa chini ya kifusi muda mrefu bila hewa. Moyo ni mbishi, ubongo hauna ubishi huo. Ndugu zake wakaomba aletwe kwetu ili awe karibu na kwao. Tangu afike hakufumbua jicho. Nikimmulika tochi, mboni hazichezi. Nikimfinya, hana habari. Mashine ndiyo iliyokuwa ikimsukumia pumzi, kifua kinapanda, kinashuka, kwa utaratibu ambao mtu mzima mwenye afya zake hauwezi.

Na utaratibu huo ndio uliomdanganya mama yake.

Mama huyo anaitwa Limi. Mwembamba, mrefu, mikono ya jembe. Kila asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni na kitenge chake, mgongo umenyooka. Nikipita ananisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami naitikia, maana hata mimi ni mtoto wa hukuhuku. Wakati wa kuona wagonjwa anavua kandambili, anavalishwa gauni la njano ambalo kila siku alilivaa nyuma mbele, anasimama nyuma ya kioo. Akishatazama anatikisa kichwa kwa furaha.

"Leo anapumua vizuri kuliko jana," ananiambia. "Nyumbani huyu alikuwa anakoroma, nyumba nzima hatulali. Hapa hata hakoromi. Wabeja, mwanangu. Mnafanya kazi."

Wabeja ni asante. Unashukuriwa kwa kazi ya mashine, na mdomo umefungwa kufuli. Nilikuwa naingia stoo ya shuka, nasimama humo nikipumua kwa hasira.

Kwa nini hakuambiwa? Muulize Ignas. Huyu ni shemeji yake Limi, mdogo wa marehemu mumewe, anafanya kazi Isaka kwenye mizigo ya bandari kavu, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuelekeza malori yarudi nyuma. Alikuja siku ya kwanza na miwani ya jua kichwani, akatupanga mstari wote, daktari kwa manesi, akatangaza, "Mama asiambiwe lolote. Ana presha. Nyie fanyeni kila kitu. Kila kitu!" Nilimpima presha Limi kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa nzuri kuliko ya Ignas. Lakini Dokta Edson alivyolipokea agizo lile, utadhani kaletewa maji jangwani. Kumbe familia yenyewe haitaki kusikia! Basi mwenye neno lililomshinda kulitamka amekutana na mwenye neno asilotaka kulisikia, wakashikana mikono vizuri sana.

Dada Klara, mkuu wa zamu yetu, ni mlokole na ni mtu wa haki, lakini kwa taratibu ni mwoga. "Noela," aliniambia, "mimi nalia kila nikimwona yule mama. Ila nesi akitoa taarifa kabla ya daktari, nesi anaitwa ofisini. Unataka kuitwa ofisini?"

"Dada Klara, si juzi kanisani kwenu mlifundishwa kwamba ukweli utawaweka huru?"

"Huru ndiyo," akasema. "Lakini ofisini uhuru huo haumo."

Tukacheka, kicheko cha watu waliochoka. Ndiyo hali yetu. Watu wanadhani nesi wa ICU anaogopa kifo. Hapana. Kifo tumekizoea, tunakijua kinavyopiga hodi. Tunachokichukia ni maigizo: mtu ameshakwenda robo tatu ya njia, bado mnamtoboa mishipa, mnambadilishia dawa, ili kila mmoja akitoka aseme tulifanya kila kitu. Kila kitu isipokuwa kumwacha mama yake amshike mkono akijua anamshika kwa ajili gani.

Basi siku moja asubuhi Limi alichoka na kioo. Alimngojea Dokta Edson mlangoni, akamsimamia mbele.

"Daktari, nataka kukuuliza. Mwanangu atapona?"

Dirisha. Kalamu. Sikio.

"Mama, hali yake tunaiangalia kwa ukaribu sana."

"Naona mnaiangalia. Atapona?"

"Tunampambania, mama. Tusikate tamaa. Mungu ni mwema."

Mtu akishindwa kazi yake anamsukumia Mungu. Limi akamtazama, akamshukuru, akamwitikia kwa kichwa. Kisha akaja kwangu akiwa na furaha ya kunitia aibu, si kwa sababu yake, kwa sababu yetu.

"Mwanangu, basi mimi narudi Samuye," akasema. "Karanga zangu zinaharibika shambani. Daktari amesema tusikate tamaa. Atakapoamka mnipigie simu, nitakuja na maji."

"Maji gani, mama?"

Akaketi kwenye benchi. Akanivuta niketi naye.

Maduhu alipoondoka kwenda machimboni aliondoka na ng'ombe wa mama yake, wale wa kulimia, akawauza ili apate sehemu kwenye duara. Alimwambia waziwazi, hakuiba gizani. Mama akamfuata mpaka barabarani akiwa na jembe mkononi. Akamwambia maneno mbele ya watu. "Nilimwambia, udongo huo unaoupenda kuliko mimi, ukufunike." Alilisema taratibu, bila kunitazama. "Na umemfunika."

Nimekulia huku, najua uzito wa hilo. Mzazi akimtamkia mtoto neno baya, samahani ya mdomo tu haitoshi. Anachota maji ya mtungi wa nyumbani kwake, anatia unga wa mtama, anayajaza mdomoni, kisha anampulizia mtoto kifuani na kulirudisha neno lake kwa jina. Hapo limefutika. Lakini mtoto awe anapumua. Maiti haipokei. Akifa kabla, neno linabaki kwake, na wazee wanasema linahamia kwa watoto wake.

"Ana mtoto mmoja, Wema," Limi akasema. "Ndiyo kwanza anaota meno. Sasa nitasubiri baba yake aamke. Neno nililitoa anasikia, nataka nilirudishe anasikia."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilimwona Dokta Edson kwa mbali anacheka na simu yake. Nikawaza, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawa wameficha maradhi na anayekwenda kuumbuka ni huyu mama. Atakaa Samuye akichambua karanga, akingoja simu ya kuamka. Itakuja nyingine.

"Mama," nikamwambia, "Maduhu hataamka."

Akanigeukia.

"Ile si pumzi yake. Ni mashine. Ubongo wake ulikufa kulekule kwenye kifusi. Moyo ndio umebaki, nao unachoka. Atakufa, mama. Labda leo, labda kesho. Hataamka."

Sikulainisha. Nimeona neno likilainishwa mpaka halina tena maana. Limi hakulia. Alichoniuliza kilinichoma kuliko kilio.

"Ninyi wote mnajua?"

"Wote."

"Na yule daktari?"

"Yeye wa kwanza."

Akasimama. Akajifunga kitenge upya, kwa nguvu. "Mnanifanya nikae hapa kama mjinga, nawashukuru!" akasema, na korido nzima ikasikia. "Nikienda Samuye nikarudi, nitamkuta?"

Hapa nilipaswa kusema sijui. Ndiyo ilikuwa kweli.

"Utamkuta," nikasema. "Nenda na bodaboda, usingoje basi. Mimi sitoki pale kitandani."

Aliondoka anakimbia, kandambili mkononi.

Basi ikaanza kesi yangu. Limi, akiwa juu ya pikipiki, alimpigia simu Ignas, na kwa bahati mbaya siku hiyo Ignas alikuwa mjini. Alifika akifoka tangu getini. "Nani amemwambia? Nani? Mtu ana presha!"

"Presha unayo wewe," nikamjibu. "Kaa chini nikupime."

Dokta Edson akaniita pembeni, sauti ya chini, ile ya watu waliosoma. "Sista Noela, umemkatisha tamaa ndugu wa mgonjwa. Kuna namna ya kusema haya mambo."

"Ipo, dokta? Nionyeshe. Nimekaa nawe kipindi chote nikingoja uniwekee mfano."

"Tulikuwa tunamwandaa taratibu."

"Mlikuwa mnamwandaa kwa lipi? Alikuwa anakwenda kuvuna karanga!"

Akasema atanipeleka ofisini. Nikamwambia njia anaijua. Akaenda zake kwenye semina iliyokuwa inaendelea ukumbini, semina ya huduma bora kwa mteja. Siku hizi wagonjwa ni wateja. Mteja wangu nilimgeuza ubavu, nikampaka mafuta visigino, nikamwambia sikioni, "Maduhu, mama yako kaenda kuchota maji. Mngoje, sawa? Usilete ubishi leo." Sisi tunazungumza nao. Dokta Edson anasema haina faida kitabibu. Na semina yake nayo sijui ina faida gani kitabibu.

Jua lilipopanda, presha ya Maduhu ikaanza kushuka. Nikaongeza dawa kama nilivyoelekezwa, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Miguu ya barafu. Dada Klara akaja upande wa pili wa kitanda, akanitazama. Akapiga simu ukumbini kumwita Dokta. Nikawa naangalia mlango, naangalia skrini, naangalia mlango. Samuye si mbali. Lakini barabara ni barabara, na bodaboda ni bodaboda.

Moyo wake ulisimama kabla mlango haujafunguka.

Dokta Edson alikuja mbio, na kwa hilo nampa haki yake, alikuja mbio kweli. Tukafanya yanayofanywa. Klara akabonyeza kifua, nikabonyeza mimi, dawa zikaingia, mbavu zikalia chini ya viganja vyangu mlio ambao sitaki kuuelezea. Nilikuwa nabonyeza na kumtukana. Ngoja, mbishi wewe! Ulibishana na mama yako, umeshindwa kubishana na hiki? Mwisho Dokta Edson akanishika bega. Akatazama saa ya ukutani, akaitaja saa, kwa sauti ndogo. Kufa hakutaja. Akaenda kunawa mikono, kisha atoke amtafute Ignas.

Tukabaki wawili na mashine. Mashine ya kupumulia haijui habari za moyo. Usipoizima inaendelea na kazi yake, inasukuma, kifua kinapanda, kinashuka, kwa nidhamu ileile. Klara alianza kuvuta shuka kumfunika uso. Mimi nilinyoosha mkono kwenda kwenye swichi.

"Hodi!"

Limi alikuwa mlangoni. Vumbi mpaka kwenye kope, miguu peku, kibuyu kidogo amekikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Gauni la njano hakungoja. Macho yake hayakuja kwangu wala kwa Klara. Yalikwenda moja kwa moja kwenye kifua cha mwanawe.

Kifua kikapanda. Kikashuka.

"Nimemkuta?" akauliza.

Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka. Ukahama kutoka kwenye swichi ya mashine, ukabonyeza ya skrini. Mstari ule ulionyooka ukapotea, kioo kikawa cheusi.

"Umemkuta, mama," nikasema. "Fanya haraka."

Klara alinitazama, huyu mlokole anayetetemeka akisema yuko njiani wakati bado yuko nyumbani. Kisha akalishusha lile shuka taratibu mpaka kiunoni, akamfungulia Maduhu kifua, akarudi nyuma.

Maji ICU hayaruhusiwi, unga hauruhusiwi, mate ndiyo usiseme. Limi akachomoa kizibo kwa meno. Akaweka kiganja kwenye kifua, na bado kilikuwa cha moto, nashukuru kwa hilo. Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni. "Maduhu, ni mimi. Neno nililokutamkia barabarani nimelifuata. Nalirudisha mdomoni mwangu, nalimeza mwenyewe. Udongo hauna deni kwako. Wala kwa Wema. Ng'ombe nimekupa." Akanywa, akavimbisha mashavu, akampulizia kifuani, fyuuu, mara moja, na tena. Matone meupe ya unga yakatua kwenye ngozi na kwenye mirija yetu ya bei mbaya.

Wakati huohuo Dokta Edson akasukuma mlango.

Alikuwa amejipanga. Nilimwona kabisa, kajipanga huko nje, kavaa uso wa msiba, kakunja mikono mbele. "Mama Maduhu," akaanza, wazi, bila kutazama dirisha. "Pole sana, mama. Napenda kukujulisha kwamba mwanao ame—"

Jamani! Neno lililomshinda siku zote, leo ndiyo limefika mdomoni! Nilimkanyaga mguu kwa uzito wangu wote. Si mwembamba mimi. Nikamkodolea macho mpaka akaiona skrini nyeusi, akaiona mashine, akakiona kibuyu. Ni mtu mwenye akili, simnyimi hilo. Akafunga mdomo.

Limi aligeuka, ndevu za unga kwenye kidevu chake. "Daktari, umekuja? Umeona? Nimempulizia, akavuta pumzi kubwa. Amepokea. Umeona mwenyewe?"

Tukamngoja. Mimi, Klara, na yule mama. Kalamu ikaelekea sikioni.

"Tu... tumeona, mama," akasema Dokta Edson. "Amevuta."

Mara moja katika maisha yake ububu ule ukafaa kitu.

Limi akamfuta mwanawe kifua kwa ncha ya kitenge. Akamwambia, "Sasa ukichoka, nenda." Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye benchi lake koridoni, Ignas akiwa amesimama hapo bila miwani, kimya kwa mara ya kwanza, maana Dokta alikuwa ameshampa habari na mimi nilimwonya kwa jicho. Nikarudi ndani. Nikazima mashine. Chumba kikawa kimya hivi kwamba nikasikia semina inapigiwa makofi kule ukumbini.

Klara alikuwa anaosha unga shingoni kwa Maduhu. "Noela," akasema bila kuinua kichwa, "sasa kesho utamcheka nani?"

Nikatoka kwenda kumwambia Limi. Safari hii nilikuwa na haki ya kulitamka, nikalitamka. "Mama, Maduhu amekufa."

Hapo ndipo alipolia. Alilia vizuri, kwa sauti, bila mtu wa kumnyamazisha, na mimi nikakaa naye. Alipomaliza alinishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vinanata kwa maji ya unga.

"Wabeja, mwanangu," akasema. "Hospitali nzima hii, wewe peke yako hukunidanganya."

Dokta Edson alikuwa amesimama nyuma yangu, alisikia. Nikamngoja aseme neno. Hakusema, na mimi sikugeuka.

"Asante, mama," nikamjibu.